Kuhusudu bila Kusujudu: Tafakuri ya Kihakiki kuhusu Wasanii Wanne wa Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya ni tafakuri ya kihakiki kuhusu wasanii wanne wenye asili ya Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro: mchoraji na mwandishi Sam Ntiro, mchoraji Elimo Njau, mwanamuziki Frank Humplick na mwandishi Elieshi Lema. Mwandishi anakiri kwamba anawahusudu wote wanne, kisha anauliza: mhakiki anayempenda msanii anaweza kusema nini juu yake ambacho kitamfaa msomaji asiyempenda? Makala yanadai kwamba desturi yetu ya kuwasifu wasanii kwa kuwa "wa kwanza" kufanya jambo fulani inazificha kazi zao. Badala yake, yanapendekeza kwamba husuda ya mhakiki ipimwe kwa uwezo wake wa kuonyesha uamuzi mahususi wa kisanaa pamoja na gharama ya uamuzi huo. Uamuzi mmoja wa kila msanii unachambuliwa, na katika kila uchambuzi suala la lugha linajitokeza: kiambishi cha mazoea, upatanisho wa kisarufi, uchanganyaji wa lugha na uchaguzi wa lugha ya kuandikia.

1.0 Utangulizi

Katika masomo yetu ya uhakiki, mwanafunzi hufundishwa mapema kuyaweka kando mapenzi yake. Huambiwa achague nadharia, aitumie kuichambua kazi, atoe matokeo. Kama kazi hiyo ilimliza au ilimkosesha usingizi, hilo ni jambo lake na nafsi yake. Mafunzo hayo yana faida, kwa kuwa yametuepusha na uhakiki wa kusifu jamaa na kuwakandia wapinzani. Hata hivyo, yametuachia pengo. Tunajua kueleza dhamira, wahusika na muundo wa kazi, lakini hatujui kueleza kwa nini tumeichagua kazi hiyo na kuziacha nyingine mia.

Pengo hili nililitambua nilipoombwa kuzungumza na wanafunzi wa uzamili kuhusu wasanii wa nyumbani kwetu. Nilianza kuandaa hotuba, na nusu saa baadaye nikagundua kwamba nilichokuwa nimeandika ni orodha ya watu wa kwanza: wa kwanza kusoma ng'ambo, wa kwanza kuwa na picha katika makumbusho fulani, wa kwanza kurekodi santuri. Ilikuwa orodha ya kujivunia, ila ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuiona picha hata moja wala kuusikia wimbo hata mmoja. Niliichana karatasi ile. Makala haya yametokana na jaribio la pili.

Wasanii ninaowajadili wanatoka katika eneo dogo. Ukiondoka Moshi mjini kuelekea Arusha, ukafika Kwa Sadala, unakunja kulia na kupanda Machame, walikozaliwa Sam Ntiro na Elieshi Lema. Ukielekea upande wa pili hadi Himo, unakunja kushoto na kupanda Marangu, kwao Elimo Njau. Frank Humplick alizaliwa Moshi, chini ya mlima, kwa mama Mchagga na baba kutoka Austria. Wote wanne walikulia mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya soko na ya ofisi, huku jikoni na mgombani kukisemwa Kimachame, Kivunjo au lahaja nyingine ya Kichagga. Jambo hili lina uzito katika jarida la lugha na fasihi. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, ulioibuka baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, ulikuwa juu ya vina na mizani. Chini yake, hata hivyo, mlikuwa na swali la nani ana haki ya kuamua umbo la sanaa ya Kiswahili. Watu wa mlima nao wanaligusa swali hilo, kila mmoja kwa njia yake.

2.0 Kuhusu neno "kuhusudu"

Kiswahili kinatupatia maneno kadhaa ya kuelezea hali ninayoizungumzia. Tuna kustahi, ambako mna heshima na umbali. Tuna kustaajabu, ambako mna mshangao lakini hapana lazima ya mapenzi. Tuna pia kuhusudu. Katika matumizi ya kila siku mtu husema "namhusudu yule mwimbaji" akimaanisha kwamba anavutiwa naye mno. Neno hilohilo, kwa asili yake ya Kiarabu na kwa maana yake ya kwanza, ni kuona kijicho: kutamani alicho nacho mwenzio, pengine hata kutamani akipoteze.

Ninalichagua neno hili kwa sababu linasema kweli. Ninapoisoma kazi ninayoipenda sana, pamoja na furaha huwa nasikia kitu kinachochoma: kwa nini sikuliona hilo mimi? Mchomo huo una manufaa kihakiki, kwa kuwa unaelekeza kidole mahali mahususi. Mtu haoni kijicho juu ya "mchango wa msanii katika jamii". Huona kijicho juu ya mstari fulani, rangi fulani, ukimya fulani. Kwa hiyo kigezo ninachokitumia hapa ni chepesi kueleza: kwa kila msanii, nitaje jambo moja alilolifanya ambalo ningetamani kulifanya mimi, kisha nieleze lilimgharimu nini au liliacha nini nje. Sehemu ya pili ya kigezo ndiyo inayoizuia husuda isigeuke kusujudu.

3.0 Sam Ntiro: kutoka mazoea hadi usiku mmoja

Sam Joseph Ntiro (1923–1993) anafahamika zaidi kama mchoraji. Alisoma na kufundisha sanaa Makerere, akaendelea na masomo katika shule ya Slade jijini London, na baada ya Uhuru aliiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza. Wasomaji wa jarida hili wanapaswa kumkumbuka pia kama mwandishi wa Kiswahili. Mwaka 1953 kilichapishwa kitabu chake Desturi za Wachagga, katika mfululizo wa vitabu vya desturi na masimulizi ya Afrika ya Mashariki. Miaka sita kabla yake, mwaka 1947, Petro Itosi Marealle alikuwa amechapisha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Watu wawili wa mlima mmoja, basi, walikuwa wameamua kuyaweka maisha ya kwao katika Kiswahili.

Vitabu vya desturi ni utanzu wenye sarufi yake. Tangu Desturi za Waswahili hadi vitabu vya shule vya miaka ya 1950, kitenzi kikuu cha utanzu huu ni kile cha mazoea: mwanamume huenda, wazee huketi, pombe humiminwa. Kiambishi hu- kina sifa ambayo kila mwanafunzi wa mofolojia anaifahamu, ingawa si mara nyingi tunaitazama kwa jicho la fasihi: hakiambatani na kiambishi cha nafsi. Mimi huenda, wewe huenda, wao huenda, kitenzi hakibadiliki. Ni umbo linalomeza mtenda. Kwa mwandishi wa desturi hilo ni jambo linalofaa, kwa sababu hamzungumzii mtu fulani. Lakini ukisoma kurasa nyingi za hu- mfululizo, unaanza kuhisi kwamba kijiji kizima kimekaa nje ya wakati, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyejikwaa, hakuna aliyeghairi.

Mwaka 1956 Ntiro alichora picha ya rangi za mafuta ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Kichwa chake cha Kiingereza kinasema kwamba wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bi harusi wakati wa usiku. Kila anapotajwa Ntiro, tunaambiwa kwamba picha hiyo iko New York. Ni nadra kuambiwa kinachofanyika ndani yake. Kinachofanyika ni kwamba hu- imeondoka. Mada ni ileile ya kitabu cha desturi: ndoa, pombe, safari ya kwenda ukweni. Lakini sasa ni usiku, na usiku hauwezi kuwa wa mazoea katika picha. Ni usiku huu, wenye giza lake, na watu hawa wako njiani, hawajafika. Kitabu cha desturi kingelazimika kutueleza kwa nini wanakwenda usiku. Picha haielezi. Inatuacha njiani pamoja nao.

Huu ndio uamuzi ninaouhusudu. Mtu aliyeandika kwa ufasaha kuhusu desturi alitambua kwamba maelezo, hata yakiwa sahihi, hayatoshelezi. Badala ya kuongeza maelezo, alipunguza. Ninaamini kwamba mwandishi yeyote wa riwaya ya Kiswahili anayetaka kuandika kuhusu mila za kwao anaweza kujifunza zaidi kutokana na tofauti iliyopo kati ya kitabu cha 1953 na picha ya 1956 kuliko kutokana na miongozo mingi ya uandishi.

Gharama yake ni ipi? Kwanza, watu wa Ntiro, katika picha zake nyingi, ni umbo la pamoja. Wanalima pamoja, wanabeba pamoja, wanajenga pamoja, na nyuso zao hazipambanuliwi sana. Tumetoka katika mazoea, lakini hatujafika kwa mtu mmoja mwenye jina. Pili, karibu hatuoni ugomvi. Yeyote aliyekulia katika kihamba anajua kwamba mgomba hupakana na mgomba, mfereji wa maji hupita kwa jirani kabla ya kufika kwako, na kwa hayo ndugu huweza kukaa miaka bila kuamkiana. Mlima wa Ntiro hauna mashauri ya mipaka. Tatu, kichwa cha Kiingereza kinasema "pombe ya ndizi", lakini mbege haiwi mbege bila ulezi. Asiyejua hilo hupokea nusu ya kinywaji. Nayasema haya bila kumshusha. Najaribu kuonyesha kwamba utulivu wa picha zake ni chaguo, na kwamba chaguo hilo lilifunga milango mingine.

4.0 Elimo Njau: upatanisho uliovunjwa

Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, naye pia akapitia Makerere chini ya Margaret Trowell. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora michoro mikubwa ya ukutani katika kanisa la Murang'a nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Katika michoro hiyo maisha ya Kristo, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, yamewekwa katika mandhari na miili ya Kiafrika. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Alianzisha pia jumba la sanaa kwao Marangu, akaliita Kibo. Kaulimbiu yake inafahamika kote Afrika ya Mashariki: kwa muhtasari, kuiga ni kumlaza Mungu usingizi.

Ninataka kulitazama jina lile, Paa ya Paa, kama kazi ya sanaa ya Kiswahili. Lina silabi tano tu na limekaa mdomoni kama kiitikio cha ngoma. Ufafanuzi unaotolewa kwa kawaida ni kwamba paa, yule mnyama, anapaa. Sasa mwanaisimu anaanza kukuna kichwa. Katika Kiswahili sanifu mnyama huchukua upatanisho wa viumbe hai: paa apaa, au paa wa kupaa. Tukilichukua paa kwa maana ya sehemu ya juu ya nyumba, upatanisho ni wa paa la nyumba. Kwa hiyo "ya" haikubaliani na sarufi sanifu kwa upande wa mnyama wala kwa upande wa nyumba. Tukiunganisha maneno na kusoma "paa yapaa", tunapata kitenzi kinachopatana na umbo la nomino, nao uhai wa mnyama umewekwa pembeni.

Lazima nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu kutoka Rombo aliandika katika insha sentensi yenye upatanisho wa namna hiyo, nami nikaikata kwa kalamu nyekundu. Nilifanya hivyo kwa haraka ya mtu anayeijua aibu ile. Katika shule niliyosoma utotoni, aliyeponyokwa na neno la Kichagga alivishwa kipande cha ubao shingoni hadi ampate mwenzake aliyekosea. Nilikua nikiamini kwamba Kiswahili changu ni cha kuazima na kwamba mwenye nacho angekuja siku moja kukidai. Laiti jina la Paa ya Paa lingeandikwa katika insha ya darasani, ningelisahihisha. Ningeandika "Paa Apaa", na kwa mkono wangu ningeua mwangwi wa irabu unaolifanya jina liruke.

Sidai kwamba kila kosa la sarufi ni sanaa. Ningefanya hivyo, ningekuwa nimegeuka msujudu. Ninachodai ni kwamba Njau alichagua sauti dhidi ya kanuni, na kwamba jina lake limeishi midomoni mwa watu kwa zaidi ya nusu karne. Kituo chenyewe kiliungua moto mwaka 1997, na bado jina halikuungua. Mtu aliyekataza kuiga hakutuambia tu tusiige picha za Wazungu. Jina la kituo chake linatuambia pia kwamba mtu wa bara anaweza kukisema Kiswahili bila kumwiga mwenye Kiswahili.

Kuhusu michoro ya Murang'a, husuda yangu ina kizuizi. Kumchora Kristo katika mandhari ya nchi iliyokuwa ndani ya hali ya hatari kulihitaji ujasiri. Lakini kanisa lile linawakumbuka waliouawa kwa kukataa kiapo, na nje ya kuta zake walikuwako waliouawa kwa kukikubali. Mtazamaji wa leo ana haki ya kuuliza ni mateso ya nani yamepewa mwili wa Kristo na ni ya nani yameachwa bila ukuta. Mimi nimeshindwa kulijibu swali hilo kwa ujasiri, ila naona kwamba michoro isiyo na nguvu isingelizusha.

5.0 Frank Humplick: maneno mawili ya mtumishi

Frank Humplick (1927–2007) aliimba pamoja na dada zake wawili, na santuri zao za miaka ya 1950 zilibeba jina la Frank na Dada Zake. Gitaa, sauti tatu za ndugu zinazoshikana kwa karibu, na Kiswahili kinachoeleweka kwa mtu wa Moshi sawasawa na mtu wa Mombasa. Nyimbo zao zilisikika kote Afrika ya Mashariki, na katika miaka ya karibuni baadhi yake zimetolewa upya ng'ambo.

Wanaomkumbuka Humplick katika maandishi ya historia humkumbuka kwa siasa. Mwanamuziki huyu, ambaye baba yake alikuwa Mzungu, aliimba juu ya Uhuru wakati ambapo kuimba hivyo kulikuwa na hatari, na watawala hawakufurahi. Hilo ni kweli na linastahili kukumbukwa, lakini si hilo linalonichoma. Wengi waliimba juu ya Uhuru. Kinachonichoma ni wepesi wake.

Tuchukue wimbo unaojulikana kama "Yes, No". Kichwa chake ni maneno mawili ya Kiingereza, na tungeweza kukipita kwa kusema kwamba ni uchanganyaji wa lugha wa mjini. Lakini tufikirie maneno hayo yalikuwa ya nani. Katika Moshi ya wakati wa ukoloni, mtu asiyejua Kiingereza chochote aliyajua hayo mawili, kwa sababu ndiyo yaliyotakiwa kwake katika ofisi ya bwana shauri, shambani kwa mlowezi na jikoni kwa memsahibu. Yalikuwa msamiati mzima wa mtumishi. Humplick anayachukua, anayatia gitaa, na kuyageuza kuwa maneno ya mtu anayeulizwa maoni yake kuhusu utawala wa nchi. Yaliyokuwa majibu ya kutii yanakuwa kura. Hakuna hotuba, na sauti haipandi.

Katika fasihi yetu ya kisiasa tumezoea kuupima uzito wa ujumbe kwa uzito wa usemi. Ushairi wa Azimio ulikuwa na mengi mema, lakini mara nyingi ulipiga kelele. Ninamhusudu Humplick kwa kujua kwamba dansi ina kumbukumbu ndefu kuliko hotuba, na kwamba mtu anayecheka amekwisha kukubali nusu ya hoja.

Gharama yake ni kwamba wepesi hausikiki kirahisi baada ya miaka mingi. Msikilizaji kijana anayezipata nyimbo hizi leo husikia utamu tu: sauti nzuri za zamani, gitaa la zamani. Hajui bwana shauri alikuwa nani, kwa hiyo hajui ni nani anayechekwa. Hapa kazi ya mhakiki si ya hiari. Kazi za Ntiro na Njau zinaweza kusimama ukutani bila mimi. Kejeli ya Humplick, pasipo mtu wa kueleza ilikuwa ikimkejeli nani, inabaki kuwa muziki wa harusini. Na katika idara zetu za fasihi bado hatujaamua kama maneno ya nyimbo za santuri za miaka ile ni fasihi simulizi, ni ushairi, au ni mali ya idara ya muziki.

6.0 Elieshi Lema: husuda inayouma

Nimemweka Elieshi Lema mwisho kwa sababu ndiye anayekijaribu kigezo changu kwa ukali zaidi. Alizaliwa Machame mwaka 1949. Pamoja na Demere Kitunga alianzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D, wakati ambapo wanawake wenye kampuni za vitabu nchini walikuwa wa kuhesabika. Amewaandikia watoto kwa Kiswahili, kikiwamo kitabu Safari ya Prospa. Riwaya yake ya watu wazima, Parched Earth, iliyotoka mwaka 2001, ameiandika kwa Kiingereza.

Msimulizi wa riwaya hiyo ni Doreen, mwalimu, mtoto wa Foibe aliyemlea bila mume. Doreen anaolewa, anazaa mtoto wa kike, na kiu ya familia ya kupata mtoto wa kiume inaanza kuikausha ndoa yake. Anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na anausemea mwili wake na matamanio yake bila kuomba radhi.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilijiuliza: mwandishi huyu anakijua Kiswahili, amewapa watoto wetu vitabu kwa Kiswahili, kwa nini hadithi hii, ambayo akina mama wa Machame wangeielewa kuliko profesa yeyote, ameifungia ndani ya Kiingereza? Sijui sababu zake wala sitazibuni. Niliamua kufanya jaribio. Nilitafsiri kwa Kiswahili, kwa matumizi yangu binafsi, kurasa chache ambamo Doreen anazungumzia tamaa yake. Nilikwama katika aya ya kwanza. Kila neno lililonijia lilikuwa tafsida au tusi. Tafsida ilimfanya Doreen kuwa bibi wa unyagoni anayefunda wali. Tusi lilimfanya kuwa mtu wa kilabuni. Sikuwa na msamiati wa mwalimu wa shule anayezungumza kwa utulivu juu ya mwili wake. Msamiati huo huenda upo kwa wanawake wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe, ila fasihi andishi niliyolelewa nayo haikuwa imenifundisha.

Kisha nilikwama upande wa pili, nikapata kitu badala ya kupoteza. Katika Kiswahili chetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto: Mama Fulani. Katika hadithi ambayo mgogoro wake mzima ni mtoto gani anahesabika, kila salamu ya jirani ingekuwa kisu. Kumwita mwanamke kwa jina la binti yake, mbele ya mawifi wanaosubiri mvulana, ni kumkumbusha asichonacho bila kutamka neno baya hata moja. Kiingereza hakina silaha hiyo.

Kwa hiyo uamuzi wa Lema wa kuandika kwa Kiingereza ulimpa sauti na ukamnyima salamu. Ninaihusudu sauti ile, ninaisikitikia salamu. Na ninaona kwamba lawama yangu ya mwanzo ilielekezwa pasipo pake. Kama lugha yangu haikuwa na mahali pa kumkalisha Doreen, deni si la mwandishi peke yake. Ni la waandishi, wahariri na walimu wa Kiswahili, nikiwamo mimi, ambao tumeruhusu uzungumzaji wa mwili wa mwanamke ubaki kati ya tafsida na matusi.

Kuna matokeo ya kitaaluma pia. Katika idara ninazozifahamu, Parched Earth husomwa na wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza, na vitabu vya watoto vya Lema, vikisomwa, husomwa na walimu wa shule za msingi. Mwandishi mmoja amegawanywa vipande viwili, na hakuna chumba cha darasa anachoingia akiwa mzima. Napendekeza kwamba riwaya za Kiingereza za waandishi kama huyu ziingizwe katika semina za Kiswahili, kwa zoezi lilelile nililolifanya: wanafunzi watafsiri kurasa tatu, waandike mahali walipokwama, na mkwamo huo uwe ndio uchambuzi.

7.0 Hitimisho

Nilianza na orodha ya watu wa kwanza nikaichana. Namaliza na orodha nyingine: usiku wa Ntiro uliotoroka mazoea, "ya" ya Njau iliyokataa kupatana, maneno mawili ya mtumishi katika gitaa la Humplick, na sauti ya Doreen ambayo Kiswahili changu kilishindwa kuipokea. Hakuna katika orodha hii kinachohitaji msomaji awe Mchagga, wala kwamba awapende wasanii hawa kama ninavyowapenda. Kila dai linaweza kukaguliwa kwa kuitazama picha, kulitamka jina, kuusikiliza wimbo au kutafsiri ukurasa, na anayenipinga anajua mahali pa kuanzia.

Yule mwanafunzi wa Rombo alikwisha kuhitimu. Insha yake bado ninayo, na kalamu nyekundu imekaa juu ya sentensi ile. Nimeirudia mara kadhaa wakati nikiandika makala haya. Sentensi yenyewe haikuwa nzuri. Upatanisho ule ulikuwa kosa, wala haukuwa na mwangwi wowote. Nilikuwa na haki ya kuisahihisha. Ila pembeni nilikuwa nimeandika neno moja tu, "Sarufi!", bila kumuuliza alikuwa akijaribu kusema nini.